Mama mjamzito na mazoezi: Yanayofaa, yasiyofaa na tofauti yake na kazi za sulubu

MNAMO Juni 2014, mwanariadha wa Marekani Alysia Montaño alijitosa katika mbio za mita 800 za mashindano ya kitaifa ya nchi hiyo mjini Sacramento akiwa na mimba ya wiki 34. Alimaliza wa mwisho katika kundi lake kwa muda wa dakika 2 na sekunde 32, zaidi ya nusu dakika nyuma ya muda wake bora, huku mashabiki wakimpigia makofi. Picha za tumbo lake zilienea kote duniani. Waliompongeza walikuwa wengi, na waliomlaumu kwamba alihatarisha maisha ya kiumbe aliye tumboni hawakuwa wachache pia.

Mjadala kama huo si mgeni kwetu. Katika jamaa nyingi za humu nchini, msichana anapopata mimba ya kwanza hupokea maagizo kutoka kila upande. Mama mkwe humwonya asiinue mikono juu anapoanika nguo, eti kitovu kitamzonga mtoto shingoni. Jirani humshauri ale chakula cha watu wawili na apumzike. Muuguzi wa kliniki naye, foleni ikiwa imefika nje ya lango, humwambia "fanya mazoezi" kisha humwita anayefuata. Mazoezi gani? Kwa kiasi gani na hadi mwezi wa ngapi? Ni nani hasa asiyepaswa kuyagusa?

Hilo la kitovu na tulimalize mapema. Ni kweli kwamba watoto wengi huzaliwa kitovu kikiwa kimewazunguka shingoni. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya kila wanne au watano. Lakini kinachosababisha hali hiyo ni mtoto mwenyewe kujigeuzageuza ndani ya maji ya uzazi, na mara nyingi mkunga hukiondoa bila taabu wakati wa kujifungua. Mikono ya mama haihusiki hata kidogo. Anayetaka kuanika nguo na aanike.

Ushauri uliogeuka

Tusiwalaumu sana wazee kwa kuhimiza mapumziko, maana hata madaktari walikuwa na hofu hiyo hiyo si zamani sana. Mnamo 1985, Chuo cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Marekani kilitoa mwongozo uliosema kwamba mapigo ya moyo wa mama mjamzito yasizidi 140 kwa dakika, na kwamba mazoezi makali yasipite dakika 15. Mwongozo huo ulinukuliwa kote duniani na kuna wakufunzi wa mazoezi wanaoukariri hadi leo bila kujua kwamba uliachwa kitambo.

Sababu ya kuachwa kwake ni kwamba ushahidi uliufikia ukingo na kuuvuka. Dkt James Clapp, daktari wa uzazi wa Marekani, alitumia miaka mingi kuanzia miaka ya 1980 kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakikimbia na kufanya mazoezi ya viungo kabla ya kupata mimba na wakaendelea nayo baada ya kupata. Hakuona kwamba mimba zao ziliharibika zaidi ya za wengine, wala kwamba walijifungua kabla ya wakati kwa wingi zaidi. Mnamo 1994 chuo hicho kiliondoa kikomo cha mapigo 140. Mnamo 2002 kikaenda mbele na kupendekeza dakika 30 au zaidi za mazoezi ya wastani karibu kila siku kwa mwanamke asiye na matatizo ya kiafya. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilitoa mwongozo wake mwaka 2020: angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Kwa hivyo, katika muda usiozidi miaka 35, swali liligeuka. Zamani daktari aliulizwa kama ni salama mama afanye mazoezi. Sasa anapaswa kuulizwa kama ni salama asiyafanye.

Huenda lugha yetu nayo imechangia hofu hiyo. Tunamwita "mjamzito", jina lenye uzito ndani yake, na mtu akishaitwa mzito ni rahisi kumtarajia aketi.

Mabadiliko mwilini

Ili kuelewa kipi kinafaa na kipi hakifai, ni vyema kujua mwili unafanya nini katika miezi hiyo tisa. Kiasi cha damu ya mama huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50. Moyo hulazimika kuisukuma yote, na mapigo yake mama akiwa ametulia huongezeka kwa kati ya 10 na 20 kwa dakika. Hii ndiyo sababu mwanamke aliyezoea kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kuhema huanza kuhema akiwa ya pili, hata kabla tumbo halijaonekana. Baadaye mfuko wa uzazi hupanda na kukisukuma kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na mapafu hupungukiwa na nafasi ya kujitanua.

Homoni iitwayo relaksini, pamoja na nyinginezo, hulegeza kano zinazoshika viungo ili nyonga iweze kupanuka wakati wa kujifungua. Ila ulegevu huo hautokei kwenye nyonga pekee. Magoti na vifundo vya miguu huweza kuathirika pia. Isitoshe, tumbo linapokua, uzito wa mwili husogea mbele na mgongo hujikunja kwa ndani ili kusawazisha. Mambo haya mawili yakichanganyika, mama huwa mwepesi kujikwaa, kuteguka na kuumwa na kiuno.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu linahusu kulala chali. Kuanzia mwezi wa tano hivi, mfuko wa uzazi huwa mzito kiasi cha kuubana mshipa mkubwa unaorejesha damu kwenye moyo kutoka sehemu ya chini ya mwili. Mama akilala chali kwa muda mrefu huweza kuhisi kizunguzungu na kutapika, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Kwa hivyo mazoezi yote ya kulala chali na kuinua miguu au kiwiliwili, ambayo ni maarufu sana katika kumbi za mazoezi, yanapaswa kuachwa wakati huo na badala yake afanye akiwa ameketi, amesimama au amelala kwa ubavu.

Kuna pia suala la joto. Mtoto tumboni hana njia ya kutokwa na jasho. Humtegemea mama yake kumpunguzia joto. Joto la mwili wa mama likipita nyuzi 39 katika wiki za mwanzo, wakati ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unapofanyika, hatari ya kasoro za kuzaliwa huongezeka. Mazoezi ya kawaida hayafikishi mwili huko. Lakini kukimbia saa saba mchana Lodwar, Garissa au Mombasa, bila maji, ni jambo jingine. Wakaazi wa maeneo hayo wafanye mazoezi alfajiri au jioni. Mama Mwislamu aliyeamua kufunga Ramadhani, ingawa dini imempa ruhusa ya kutofunga, asifanye mazoezi ya kutoa jasho kabla ya kufuturu.

Faida zenyewe

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na wataalamu wa Canada, na ambao ulizaa mwongozo wa nchi hiyo wa 2019, ulionyesha kwamba wanawake waliofanya mazoezi walipunguza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba, shinikizo la damu la mimba na hali inayotangulia kifafa cha mimba kwa takriban asilimia 40. Tarakimu hiyo si ndogo. Kifafa cha mimba, pamoja na kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya akina mama nchini Kenya na katika mataifa mengi ya Afrika. Hakuna kidonge cha bei nafuu kushinda kutembea.

Aidha, mazoezi hupunguza makali ya maumivu ya mgongo na kiuno, husaidia choo kisiwe kigumu, huleta usingizi na huwapunguzia akina mama huzuni na wasiwasi unaowaandama wengi wakati huo. Vilevile husaidia kudhibiti uzito. Mwanamke aliyekuwa na uzito wa kadiri kabla ya mimba anatarajiwa kuongeza kati ya kilo 11.5 na 16 kufikia siku ya kujifungua; aliyekuwa mnene kupita kiasi anatarajiwa kuongeza kati ya kilo 5 na 9 tu. Kuhusu chakula cha watu wawili, ukweli ni kwamba katika miezi mitatu ya kati mama huhitaji nyongeza ya takriban kalori 340 kwa siku, na 450 katika miezi mitatu ya mwisho. Nyongeza hiyo haifiki hata sahani moja ya pilau iliyojazwa.

Kiasi kinachotosha

Dakika 150 kwa wiki zinaweza kugawanywa kuwa dakika 30 kwa siku tano, au hata vipande vya dakika kumi kumi kwa anayeanza. Mwanamke ambaye hakuwahi kufanya mazoezi anaweza kuanza akiwa mjamzito, mradi aanze polepole: dakika 10 za kutembea kwa haraka wiki ya kwanza, 15 wiki inayofuata, na kuendelea hivyo.

Mazoezi ya wastani hupimwa vipi iwapo kuhesabu mapigo ya moyo kumeachwa? Kipimo kinachotumiwa siku hizi ni mazungumzo. Mama anayetembea au kukimbia pole akiweza kuzungumza sentensi kamili na mwenzake lakini hawezi kuimba, yuko pazuri. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, amezidisha. Akiweza kuimba ubeti mzima, basi anatembea tu na wala hafanyi mazoezi. Kipimo hiki hakihitaji saa wala mashine, na kina manufaa mengine: humlazimu mama kuwa na mwenzake njiani.

Kutembea kunaongoza kwa sababu hakugharimu chochote ila raba zilizo imara. Kuogelea kunafuata kwa ubora, na pengine kungekuwa kwanza iwapo mabwawa yangekuwa karibu na wengi: maji hubeba uzito wa tumbo, hupunguza uvimbe wa miguu na huupoza mwili. Baiskeli isiyosonga, ile ya ukumbini, ni salama kuliko ya barabarani katika miezi ya mwisho, kwa kuwa mama hupoteza usawa kwa urahisi na magari yetu hayana huruma. Kucheza ngoma kunakubalika, alimradi kusiwe na kurukaruka. Aliyekuwa akikimbia kabla ya mimba anaweza kuendelea, akipunguza kasi na umbali kadiri tumbo linavyokua; wengi huacha wenyewe katika mwezi wa saba au wa nane kwa sababu nyonga huanza kuuma, na hapo hubadilisha na kutembea. Kunyanyua vyuma vyepesi ni sawa, maadamu hazuii pumzi anaponyanyua.

Zoezi moja halipaswi kukosekana kwa mjamzito yeyote aliye na afya, nalo halionekani na mtu. Daktari wa Marekani Arnold Kegel alilieleza mwaka 1948 na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Mama hukaza misuli inayozuia mkojo, huishikilia kwa sekunde tano hivi, huiachilia kwa muda kama huo, na hurudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Anaweza kulifanya ndani ya matatu, jikoni au kanisani. Misuli hiyo ndiyo inayobeba mfuko wa uzazi, na ikidhoofika mama huanza kutokwa na mkojo anapokohoa au kucheka. Wengi hunyamaza na aibu hiyo kwa miaka, wakidhani ni ada ya kuzaa.

Mama asifanye mazoezi akiwa na njaa. Ale chakula chepesi saa moja kabla, na anywe maji kabla, wakati wa mazoezi na baada yake.

Michezo ya kuepukwa

Kanuni ni nyepesi: mchezo wowote unaoweza kumwangusha au kumgonga tumboni uachwe. Katika orodha hiyo wamo soka, raga, magongo, mpira wa vikapu, mpira wa mikono, ndondi, karate, sarakasi na kupanda farasi. Katika wiki za mwanzo mfuko wa uzazi bado umejificha ndani ya mifupa ya nyonga na hatari ya kugongwa ni ndogo. Ndivyo Serena Williams alivyoweza kutwaa taji la Australian Open mnamo Januari 2017 akiwa na mimba ya takriban wiki nane. Tenisi lakini si mchezo wa kukumbana. Katika mchezo wa kukumbana, ni busara kuacha mimba inapothibitishwa.

Kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa, mchezo unaopendwa na wageni katika ufuo wa Watamu na Diani, ni marufuku kabisa kwa mjamzito. Mapovu ya hewa yanayojitokeza katika damu mtu anapopanda juu yanaweza kumdhuru mtoto, ambaye mapafu yake hayafanyi kazi ya kuyachuja.

Mwinuko wa nchi nao unahitaji tahadhari ambayo wageni wa Bonde la Ufa husahau. Mtu asiyeishi katika nyanda za juu hushauriwa asifanye mazoezi ya nguvu akiwa mjamzito katika mahali palipo zaidi ya takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Iten, kitovu cha riadha yetu, iko karibu mita 2,400. Mama aliyezaliwa na kukulia huko hana shaka. Mwili wake umezoea. Anayetoka Malindi kwenda likizo kwa jamaa zake Iten atembee pole kwa siku kadhaa na asithubutu kufuata makundi ya asubuhi.

Wasiopaswa kabisa

Wapo wanawake ambao ushauri wote uliotangulia hauwahusu. Mwenye maradhi makubwa ya moyo au mapafu, aliyeshonwa mlango wa uzazi au ambaye mlango huo ni dhaifu, anayetokwa na damu mara kwa mara katika miezi ya kati na ya mwisho, ambaye kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia baada ya wiki ya 26, ambaye chupa imepasuka, aliye na dalili za uchungu kabla ya wakati, aliyepatikana na dalili zinazotangulia kifafa cha mimba, au mwenye upungufu mkubwa wa damu: hawa wote wasianze mazoezi hadi daktari aseme. Aliyebeba pacha aulize kwanza.

Upungufu wa damu unastahili kutiliwa mkazo hapa kwetu. Malaria, minyoo na lishe duni humaliza damu ya akina mama wengi, hasa katika kaunti za Ziwa na za Pwani. Mama ambaye damu yake ni haba huweza kuanguka akitembea tu. Kipimo cha damu hufanywa katika ziara ya kwanza kliniki, na matokeo huandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto. Msomaji aliye na kijitabu hicho na akichunguze ukurasa huo kabla ya kuvaa raba, na ameze vidonge vya madini ya chuma alivyopewa hata kama vinamchafua tumbo.

Dalili za kumfanya aache papo hapo na kutafuta matibabu ni kutokwa na damu au maji ukeni, tumbo kukaza kwa uchungu mara kwa mara, kizunguzungu, maumivu ya kichwa au ya kifua, kukosa pumzi hata kabla ya kuanza, udhaifu wa misuli unaomfanya ayumbe, na maumivu au uvimbe wa mguu mmoja nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu. Hiyo ya mwisho hupuuzwa sana. Huenda ni damu iliyoganda, na donge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua.

Kazi si mazoezi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo miongozo ya ng'ambo huligusia tu kwa juu. Msomaji mmoja anaweza kuuliza, na atakuwa na haki: mwanamke anayelima tangu saa kumi na mbili, akateka maji mtoni na kurudi na mzigo wa kuni, ana haja gani ya kuambiwa afanye mazoezi?

Jibu ni kwamba hana haja ya mazoezi zaidi, ana haja ya kupunguziwa. Sayansi hutofautisha mambo haya mawili. Anayefanya mazoezi huchagua kasi yake, huacha akichoka, hunywa maji na kisha hupumzika. Anayefanya kazi ya sulubu hana uhuru huo. Mto hauji karibu kwa kuwa amechoka. Tafiti zimeonyesha kwamba kunyanyua mizigo mizito mara kwa mara na kusimama kwa saa nyingi mfululizo huambatana na ongezeko dogo la mimba kuharibika na la watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Yaani mwili ule ule unaonufaika na nusu saa ya kutembea unaweza kudhurika na saa nane za kuinama.

Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Mama anayeubeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, mara tatu kwa siku, huku kano zake zimelegea na uti wa mgongo umejikunja, anajiumiza bila kujua. Ikiwa hana budi kuteka maji, abebe mitungi miwili ya lita 5, mmoja kila mkono, na aende mara nyingi zaidi. Anapoinua kitu akunje magoti wala asiiname kwa kiuno, na akilete kitu hicho karibu na mwili. Anayesimama sokoni au kiwandani aweke mguu mmoja juu ya kigoda kwa zamu, na aketi kila baada ya muda. Anayechuma majani ya chai aombe apunguziwe uzito wa kikapu kabla hajapeleka kwenye mizani. Mchana alale kwa ubavu kwa nusu saa ikiwezekana.

Ushauri huu hauna maana iwapo mume ameketi kibarazani. Katika nyumba nyingi, kuteka maji na kukata kuni ni kazi ambayo mwanamume huona haya kuonekana akiifanya, hata mke akiwa mwezi wa nane. Wauguzi wa kliniki wangefanya vyema kuwaita waume siku hiyo moja na kuwapa mtungi wa kilo 20 waufunge tumboni kwa dakika kumi.

Kwa walio katika ajira rasmi, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili, na inasema wazi kwamba ujauzito si sababu halali ya kumfuta kazi. Mfanyakazi anayesimama kutwa ana haki ya kuomba kazi ya kuketi, na barua ya daktari humpa uzito zaidi. Kibarua wa shambani asiye na mkataba hana barua ya kumwandikia mtu, na hapa ndipo sheria hiyo inapoishia.

Wanariadha wetu

Kenya ina ushahidi wake kuhusu mimba na michezo, na si wa vitabuni. Vivian Cheruiyot alijifungua mwishoni mwa 2013. Miaka miwili baadaye alishinda dhahabu ya mita 10,000 katika Mashindano ya Dunia jijini Beijing, na mwaka 2016 akatwaa dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Rio. Aliyemfuata kwa fedha siku hiyo ni Hellen Obiri, ambaye alikuwa amejifungua binti mwaka 2015. Mama wawili wa Kenya walichukua nafasi mbili za kwanza. Mary Keitany alijifungua mtoto wa pili mwaka 2013 na mwaka uliofuata akashinda marathoni ya New York. Faith Kipyegon alijifungua Juni 2018, akarejea na kushinda fedha ya mita 1,500 Doha mwaka 2019, dhahabu za Olimpiki Tokyo na Paris, na kuvunja rekodi za dunia mwaka 2023.

Hata hivyo, tahadhari. Hawa ni watu waliofanya mazoezi tangu utotoni, wenye madaktari na wakufunzi wa kuwasimamia. Na hata kwa watu wa kiwango chao kuna mpaka. Mnamo 2012, watafiti wa Norway waliwapima wanariadha sita wa kiwango cha Olimpiki waliokuwa wajawazito na kuona kwamba walipokimbia kwa zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wa mioyo yao, mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka, na yakarejea walipopunguza. Kufanya mazoezi pia hakumkingi mtu dhidi ya kila balaa. Allyson Felix, bingwa wa Olimpiki wa Marekani, alipatwa na dalili za kifafa cha mimba na kujifungua kwa upasuaji katika wiki ya 32 mwaka 2018. Serena Williams alipata damu iliyoganda mapafuni baada ya kujifungua kwa upasuaji Septemba 2017.

Felix ndiye pia aliyefichua upande wa pesa. Mwaka 2019 yeye na Montaño walieleza hadharani jinsi mikataba ya wafadhili ilivyowapunguzia malipo wanariadha waliopata mimba, na miezi michache baadaye kampuni ya Nike ilibadilisha masharti yake. Katika soka, Shirikisho la Kandanda Duniani (FIFA) lilianza kutekeleza Januari 2021 kanuni ya likizo ya uzazi ya angalau wiki 14 kwa malipo kwa wachezaji wa kulipwa. Mwanariadha chipukizi wa Kapsabet au Nandi Hills anayetia saini mkataba wake wa kwanza akiwa na miaka 19 amwombe wakili amsomee kifungu hicho kabla ya kushika kalamu.

Baada ya kujifungua

Desturi ya Waswahili ya kumweka mzazi ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji moto na kulishwa uji wa pilipili manga, ina hekima ambayo hospitali za kisasa hazijaikataa: mwili uliozaa unahitaji muda. Lakini arobaini si ya kulala tu. Mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida anaweza kuanza mazoezi ya Kegel mara tu anapoyaweza bila maumivu, na kutembea chumbani na uani siku hizo hizo, jambo ambalo pia huzuia damu kuganda miguuni. Aliyefanyiwa upasuaji atembee vilevile, ila asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki sita hivi, na aanze mazoezi ya tumbo baada ya daktari kuukagua mshono.

Kukimbia kusubiri. Wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza walipendekeza mwaka 2019 kwamba mama asirudi kwenye mbio kabla ya miezi mitatu, hata akijihisi yuko tayari. Kunyonyesha si kizuizi, na mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa. Afadhali amnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka, ili matiti yawe mepesi, na avae sidiria iliyo imara. Iwapo akikimbia atahisi kitu kizito kikishuka ukeni, au mkojo ukimponyoka, aache, arudie kutembea na amwone mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya kaunti yake.